Difu inalia: oili nzito, kuifungua, au difu ya mtumba?

GurudumuLaTano: Wakuu, pikapu yangu husukumwa na magurudumu ya nyuma. Nikifika kilomita 70 hivi kwa saa huku nimekanyaga mafuta, nyuma kunalia mluzi mwembamba. Nikiachia, kimya. Nimeshauriwa mambo matatu: oili nzito zaidi, kufungua difu (boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) na kuipanga upya, au kufunga ya mtumba. Nishike lipi?

DadaGrisi: Kwanza hakikisha mgonjwa ni difu. Sauti ya matairi hubadilika lami ikibadilika. Beringi ya gurudumu hubadilika ukiyumbisha gari kushoto na kulia, maana uzito unahama. Yako inafuata mguu wako, kwa hiyo nashuku krauni na pinioni, yaani gia kubwa ya difu na gia ndogo inayoizungusha: ukivuta meno hugusana upande mmoja, ukiachia upande wa pili.

SpanaMoja: Mimi nilitoa oili ya 75W-90 nikaweka 85W-140 iliyo nzito zaidi, sauti ikapungua. Basi.

MzeePropela: Imepungua masikioni mwako tu, kijana. Meno yanaendelea kulana. Zamani wauzaji walijaza maranda ya mbao kwenye difu kuficha kelele ili gari liuzike; oili nzito ni binamu wa maranda. Cha muhimu oili iwe ya daraja la GL-5, kwa sababu meno ya haipoidi (gia za mshazari kama za difu) huteleza sana yanaposuguana na GL-4 haiyalindi vya kutosha.

SpanaMoja: Sawa mzee. Lakini ya mtumba si kazi ya siku moja tu?

DadaGrisi: Ni bahati nasibu, huijui imelia miaka mingapi. Na hesabu meno: 41 ya krauni kwa 11 ya pinioni ni uwiano wa 3.73, nyingine itakuvurugia spidomita. Usichanganye krauni ya hii na pinioni ya ile, zilisagwa pamoja kiwandani.

MzeePropela: GurudumuLaTano, difu imeguswa karibuni?

GurudumuLaTano: Sili ya pinioni ilivuja, fundi akabadilisha. Mluzi ulianza kama wiki mbili baadaye.

MzeePropela: Ungeanza na hilo! Ukilegeza nati ya pinioni, mkazo wa beringi umekwisha. Ndani kuna kibushi kinachobonyea, hutumika mara moja tu. Nati ikirudishwa kwa kukisia, pinioni inacheza na meno yanagusana pasipo pake. Fungua, paka meno rangi, zungusha. Alama ikikaa katikati ya jino, salama. Ikipanda kwenye ncha, pinioni iko mbali. Ikizama mzizini, iko karibu mno na krauni. Hapo unarekebisha kwa shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia. Mwanya kati ya meno fuata kitabu cha gari. Difu nyingi ndogo ni milimita 0.13 hadi 0.20.

GurudumuLaTano: Mrejesho. Pinioni ilikuwa inacheza kwa mkono, beringi ya mbele ina vidonda. Nimefunga beringi mbili mpya na kibushi kipya, rangi sasa iko katikati. Umebaki mluzi kidogo kati ya 75 na 80, nadhani meno yalishalika vibaya. Redio inaufunika.

SpanaMoja: Redio nayo ni binamu wa maranda 😂