Mume wangu kaandikiwa sindano za interferoni kwa homa ya ini B, ila nasoma ni dawa ya saratani. Naombeni ushauri

MamaWawili:

Habari zenu wakuu. Naandika usiku huu kwa sababu usingizi umekataa.

Mume wangu ana miaka 36. Mwaka jana alikwenda kuchangia damu, wakamwita na kumwambia ana homa ya ini B. Baada ya miezi sita akapimwa tena, virusi bado vipo, kwa hiyo wakasema ni ugonjwa sugu. Virusi ni vingi na vimeng'enya vya ini viko juu, lakini kipimo cha ugumu wa ini kinaonyesha makovu si makubwa.

Wiki iliyopita daktari alitupa njia mbili. Ya kwanza ni kidonge cha tenofoviri kila siku kwa miaka mingi, pengine maisha yote. Ya pili ni sindano ya interferoni mara moja kwa wiki, wiki 48, halafu basi. Daktari anaelekea kwenye sindano kwa sababu mume wangu bado ana umri mdogo na ini lake lina nguvu. Mume wangu naye kalishika hilo neno "halafu basi", hataki hata kusikia habari ya vidonge.

Mimi nikaanza kusoma. Kila nikiandika jina la dawa naletewa saratani: saratani ya damu, saratani ya ngozi. Je, daktari ameona saratani kwenye ini na anashindwa kutuambia? Na kama haipo, kwa nini apewe dawa ya saratani? Sijamwambia mume wangu hofu hii. Wenye kujua na waliopitia, nisaidieni, kwa lugha nyepesi tafadhali.

Kijukuu:

Pole sana dada. Muulize daktari waziwazi, "Je, kuna uvimbe kwenye ini?" Ni haki yenu kujibiwa.

MtuWaMaabara:

Dada, shusha pumzi kwanza. Interferoni haikuanza kama dawa ya saratani. Ni protini ambayo mwili wako mwenyewe huitengeneza kila unapopata mafua.

Mwaka 1957 jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua vipande vya utando wa yai la kuku lenye kiinitete, wakaviweka pamoja na virusi vya mafua vilivyokwisha kuuawa kwa joto. Walipoleta virusi hai, vilishindwa kuzaliana. Kisha wakayachukua yale majimaji yaliyouzunguka utando, wakayahamishia kwenye utando mwingine usiowahi kukutana na kirusi, nao ukapata ulinzi uleule. Kwa hiyo seli zilikuwa zinatoa kitu. Wakakiita interferoni kwa sababu kinaingilia kazi ya kirusi.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Seli iliyovamiwa huenda isipone, lakini kabla haijafa hupiga mbiu, na mbiu yenyewe ni interferoni. Seli za jirani zina vipokezi vya kuisikia. Zikiisikia huwasha mamia ya jeni kwa mpigo. Kuna jeni zinazoleta vimeng'enya vya kukatakata RNA ya kirusi. Kuna zinazosimamisha utengenezaji wa protini, ili kirusi kikiingia kikose karakana. Na kuna zinazoifanya seli ianike juu yake vipande vya protini zilizomo ndani, askari wa kinga wakipita waone nani kamhifadhi mgeni.

Sasa fikiria saratani. Askari ni walewale. Seli nyingi za saratani hujificha kwa kupunguza kuanika vile vipande. Interferoni huzisukuma zianike, hupunguza kasi ya kugawanyika kwao na huziamsha seli za kinga zinazoua. Ndiyo maana mwaka 1986 Marekani iliiruhusu kwa saratani moja adimu ya damu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaruhusiwa kwa homa ya ini C na B. Jina la dawa peke yake si dalili kwamba mmefichwa kitu.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza, maana nalipenda. Kwenye miaka ya 1970 na 1980 wengi walitarajia interferoni imalize saratani zote. Haikuwezekana. Mojawapo ya sababu tunazozijua leo ni kwamba interferoni ya aina ya gama, inayotolewa na seli T (wale askari wa kinga wanaoua), inapoigusa seli ya saratani huifanya pia itoe protini iitwayo PD-L1, na protini hiyo huzilaza seli T zilezile zilizokuja kupigana. Dawa zinazoondoa breki za namna hii zimetokana na kazi iliyowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Turudi kwa mumeo. Kirusi cha homa ya ini B huingia kimyakimya, karibu bila kuamsha mbiu. Kisha huacha nakala ya DNA yake, iliyojifunga kama duara, ndani ya kiini cha seli ya ini. Tenofoviri huzuia kirusi kisizaliane, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana, ila nakala ile haiigusi. Ukidunga interferoni unaupigia mwili mbiu ambayo haikulia siku ya uvamizi. Kuna watu ambao mwili huamka na kuendelea kukidhibiti kirusi hata sindano zikiisha. Wengi hauamki vya kutosha, na wanaofikia hatua ya HBsAg, yaani protini ya ganda la kirusi inayopimwa kwenye damu, kupotea kabisa ni wachache. Kwa hiyo lile "halafu basi" mlichukue kama tumaini. Baada ya wiki 48 anaweza kujikuta anaanza vidonge hivyohivyo anavyovikimbia.

Ombeni pia kipimo cha homa ya ini D kama bado hakijafanyika. Kirusi cha D huishi kwa kutegemea B, tenofoviri haikigusi, na akiwa nacho mazungumzo yenu na daktari yatabadilika.

Mpitanjia:

Kama shida ni kinga, mpe mitishamba ya kuongeza kinga. Sindano za mwaka mzima za nini?

MtuWaMaabara:

Ndugu yangu, kinga ikizidi nayo ni ugonjwa. Kwa wagonjwa wengi wa lupasi mbiu ya interferoni inalia bila adui, mwili unajishambulia wenyewe. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa ya lupasi ambayo kazi yake ni kuziba kipokezi cha interferoni. Na kuna mitishamba inayoumiza ini hata la mtu asiye na ugonjwa wowote. Huyu baba ini lake tayari linaungua, tusimwongezee.

NilimalizaWiki48:

Mimi nilikuwa na C. Siku hizi C inatibiwa kwa vidonge vya miezi miwili au mitatu na zaidi ya asilimia 95 wanapona, lakini zamu yangu ilifika kabla ya vidonge hivyo. Ilikuwa sindano ya interferoni kila wiki pamoja na vidonge vya ribavirini, wiki 48.

Nilikuwa najidunga Ijumaa jioni ili niumwe nikiwa nyumbani. Baada ya saa chache unaanza kutetemeka, homa inapanda, viungo vinauma kana kwamba umepigwa. Nesi aliniambia jambo lililonisaidia kuvumilia: mtu anapougua mafua, sehemu kubwa ya ile homa na uchovu hutokana na interferoni ya mwili wake mwenyewe. Nilikuwa naugua mafua yasiyo na kirusi cha mafua. Parasetamoli kwa kipimo alichoniruhusu daktari, maji mengi, kulala. Baada ya mwezi homa ikapungua. Nywele zilipungua pia, uzito ukashuka, na damu ilipimwa mara kwa mara kwa sababu chembe nyeupe zilikuwa zinashuka.

Hayo yote niliyaweza. Kuna moja ambalo sikuliweza. Kuanzia mwezi wa tatu nilibadilika. Nilikuwa nalia nikiwa peke yangu bila kujua nalilia nini. Nilimfokea binti yangu mpaka akawa haingii sebuleni nikiwemo. Mimi nilijiona niko sawa. Mke wangu ndiye aliyenipeleka kliniki na kuongea kwa niaba yangu, nikaanzishiwa dawa za sonona, ndipo nikaweza kumaliza tiba. Virusi viliondoka na nashukuru kila siku. Lakini dada, mumeo akianza, wewe utaona kabla yake. Usinyamaze.

MamaWawili:

Nimesoma jibu hili la mwisho mara tatu, na machozi yananitoka.

Kuna jambo sikuliandika. Miaka sita iliyopita, alipofiwa na mama yake, mume wangu alipata sonona kali. Alilazwa wiki tatu kwa sababu tuliogopa angejidhuru. Alipona, akaacha dawa, na tangu hapo hatulizungumzii kabisa ndani ya nyumba. Daktari wa ini alimuuliza kama amewahi kuwa na ugonjwa mwingine wowote, akajibu hapana. Nilikuwa nimekaa pembeni yake nikanyamaza. Sikujua kwamba huzuni ina uhusiano wowote na ini.

NesiWaZamu:

Dada, umefanya vizuri sana kuliandika. Acha sasa habari ya saratani kwa dakika moja, hili ndilo kubwa.

Sonona kali, hasa iliyofika mahali pa kuogopa mtu asijidhuru, ni sababu nzito ya kutompa interferoni. Iko kundi moja na ini lililokwisha kushindwa kazi, ujauzito, na magonjwa ya mwili kujishambulia yasiyodhibitiwa. Daktari wenu alishauri kwa kadiri ya alichoambiwa. Asidungwe sindano ya kwanza kabla daktari hajalijua hili.

Zungumza na mumeo kwanza, mkiwa wawili, watoto wamelala. Usianze na lawama kwamba alidanganya. Mwambie sindano yenyewe ndiyo inayoweza kuiamsha ile hali, na kwamba utakwenda naye. Ni bora aseme kwa kinywa chake. Akishindwa, nakuomba useme wewe, akiwa hapohapo.

Kuhusu tenofoviri, msiione kama tiba ya walioshindwa. Wengi huivumilia vizuri, figo na mifupa hufuatiliwa, virusi hushuka mpaka kipimo hakivioni, na hatari ya saratani ya ini hupungua. Haiishi kabisa, kwa hiyo daktari atawaambia kama anahitaji ultrasaundi kila miezi sita. Kabla ya kuanza apimwe VVU, maana tenofoviri ni dawa ya VVU pia, na mwenye VVU akiimeza peke yake virusi hivyo huzoea dawa. Na akishaanza asije akaacha ghafla kwa kujiona mzima. Virusi vya B vinaweza kulipuka upya na kuliharibu ini vibaya.

Wewe na watoto mmepimwa? Chanjo ipo. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita.

MamaWawili:

MREJESHO. Zimepita siku kumi na moja, samahanini kwa kimya.

Tulizungumza Jumapili usiku. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani nimekosea. Kisha akasema alijua kabisa anachokificha. Aliogopa daktari angemwona mtu dhaifu wa kuchungwa. Nilimsomea ya NilimalizaWiki48. Akaniomba nimsomee tena pale pa binti.

Kliniki alisema mwenyewe, sauti ikimtetemeka. Daktari aliweka kalamu chini, akamshukuru, na mpango wa sindano ukafutwa palepale. Homa ya ini D hana, VVU hana. Ameanza tenofoviri, anameza saa tatu usiku. Amepewa pia miadi na daktari wa afya ya akili, kwa ajili ya kuongea tu kwa sasa, na amekubali kwenda.

Swali la saratani niliuliza kama Kijukuu alivyonielekeza. Daktari alitufungulia picha za ultrasaundi akatuonyesha, hakuna uvimbe.

Mimi sina virusi na nimepata dozi ya kwanza ya chanjo. Mtoto mkubwa ana kinga. Majibu ya mdogo, ana miaka minne, tunayapata Alhamisi. NesiWaZamu, akikutwa hana kinga anaanza dozi tatu upya kama mimi?

NesiWaZamu:

Ahsante kwa mrejesho, nimefurahi mno. Kwa mtoto wasiamue kwa kubahatisha. Nenda na kadi yake ya chanjo, waangalie kwanza alipata dozi ngapi akiwa mchanga, ndipo waseme kama ni kumalizia, kuongeza moja au kuanza upya. Kadi ikiwa imepotea waambie mapema.