Msiba na vitabu vya maisha ya watu: tupeane uzoefu

Yaya wa Ibanda
Jana kulikuwa matanga kwa jirani, nikaona binti anakunja vikwembe vya mama yake. Usiku sikulala. Mama alipotuacha, Biblia ilinishinda, redio ilinishinda. Nilichoweza ni kitabu cha Scholastique Mukasonga, *La femme aux pieds nus*, cha 2008. Mama yake, Stefania, aliwaagiza mabinti: nikifa, funikeni mwili wangu. Aliuawa Rwanda 1994, Mukasonga yuko Ufaransa, wa kumfunika hakuna. Basi akamfunika kwa kuandika. Na nyinyi, nini kiliwashika?

Mtu wa Kadutu
Biblia ilinigomea mimi pia, yaya. Niliona haya kusema.

Papa Nguba
Hapo siwafuati. Aliyefiwa anakaa na watu. Kitabu kinamtenga.

Yaya wa Ibanda
Papa, kwa heshima, watu waliondoka na viti vyao. Saa nane za usiku nilibaki na nani?

Wa Katuba
Mimi niko Lubumbashi. Papa alifariki Goma mwezi wa pili 2025, uwanja wa ndege umeshafungwa tangu vita viingie mjini. Nilimzika kwenye simu. Mdogo wangu anashika simu juu ya jeneza, mkono unatetemeka, naona udongo mweusi wa volkeno, naona viatu vya watu. Walipoanza kushusha, picha ikaganda. Sauti ikabaki: sepetu, shangazi analia, sepetu. Picha iliporudi, kaburi limeshajaa. Nilipiga kelele hadi wapangaji wakagonga mlango.

Baadaye rafiki akaniazima kitabu kidogo cha Chimamanda Adichie cha 2021. Baba yake alifariki Nigeria 2020, yeye Marekani, viwanja vimefungwa kwa korona. Na kaka yake anashika simu juu ya uso wa baba! Nilikitupa ukutani. Asubuhi nikakiokota, nikakisoma nimesimama, chai ikapoa. Hakuniambia nijikaze. Alikasirika kama mimi.

Mtu wa Kadutu
Uwiii. Pole sana dada.

Motari Birere
Ungepitia Kigali, dada, uvuke mpaka wa Gisenyi uingie Goma.

Mama Kenya
Tiketi angelipiwa na wewe? Mwache alie.

Motari Birere
Samahani mama. Dada, niko Goma. Ukitaka picha ya kaburi, nitaenda.

Wa Katuba
Nenda, kaka. Nakuandikia pembeni.

Mwalimu Bagira
Wasiopenda Kifaransa, Shaaban Robert amesimulia kifo cha mkewe katika *Maisha Yangu*. Na muandike pia. Roland Barthes, mwandishi Mfaransa, alianza kuandika kwenye vikaratasi kesho yake ya kifo cha mama yake, Oktoba 1977.

Mama Kenya
Msisome usiku lakini. Machozi ya usiku hayana wa kuyapangusa.

Mtu wa Kadutu
Usiku ndio dawa, mama. Mchana watoto wanakuangalia. Weka na karanga karibu, ule kidogo.

Papa Nguba
Mimi nilizika mtoto. Hapa mnataja wazazi na wake tu. Cha baba kama mimi kipo?

Mwalimu Bagira
Kipo, papa. Philippe Forest, *L'enfant éternel*, 1997. Binti yake, miaka minne, kansa. Kinaitwa riwaya ila ni maisha yake. Ninacho Bagira. Nitakuletea Jumamosi, nitakaa hapo ukianza.