Wakuu, niuze kiwanja ninunue mashine ya oksijeni ya mzee?

Mla Dagaa: Habari za jioni wakuu. Mzee wangu ana miaka 68, ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa njia za hewa kuziba. Sigara kavuta tangu ujana. Siku hizi kutoka kitandani hadi chooni anahema kama kapandishwa mlima. Kuna kiwanja changu nataka kukiuza nimnunulie mashine ya kutengeneza oksijeni. Itamwongezea maisha? Na ipi ni imara? Matusi hapana.

Mchele Supa: Kiwanja kipo wapi? Kina hati?

Bibi Tozo: Pole mwanangu. Marehemu mume wangu aliteseka hivyohivyo na sigara hakuigusa. Alipona TB, ikamwachia makovu kifuani. Mama mkwe naye alikausha samaki kwa moshi maisha yake yote, akaishia kukohoa. Ndugu zake wakasema nimewaroga wote wawili! Nina mengi, siku nyingine.

Nesi wa Zamu: Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasoma asilimia ngapi akiwa ametulia? Ana ugonjwa gani mwingine?

Mla Dagaa: 93. Mengine ni ya kawaida tu ya uzee.

Nesi wa Zamu: Ya kawaida yapi? Miguu inavimba? Analala chali?

Mla Dagaa: Haya. Ana sukari na moyo umetanuka. Jioni miguu inavimba, ukibonyeza kidole juu ya soksi shimo linabaki. Analala kaegemea mito. Bisoprolol nimemsimamishia, jirani kasema dawa za presha zinabana kifua. Akizidiwa namchukulia prednisolone duka la dawa na anapata nafuu, kwa hiyo msinilaumu, nyie hamlali naye. Turudi kwenye mashine, advansi ya kiwanja nimeshapokea na Jumamosi mteja anakuja kumalizia.

Nesi wa Zamu: Wagonjwa wengi wa mapafu haya huondoka kwa moyo au saratani, mapafu yakiwa bado yanajitahidi. Watafiti wa Marekani na Hispania walifuatilia wagonjwa 1,664, wakachapisha mwaka 2012: kati ya magonjwa 79 waliyoyaangalia, 12 yalihusishwa na kufa mapema. Moyo kushindwa kusukuma damu umo, sukari iliyoharibu neva imo, hata vidonda vya tumbo vimo.

Jirani kachanganya dawa. Propranolol ndiyo inaweza kubana kifua, bisoprolol inalenga moyo zaidi na wenye mapafu haya wengi wanaivumilia. Prednisolone ya kila mara inapandisha sukari na kushikilia maji mwilini. Hiyo miguu unadhani inavimba kwa nini?

Mashine inarefusha maisha ya wale ambao oksijeni imeshuka sana, 88 kwenda chini, na wanaivaa saa 15 au zaidi kwa siku. Kwa waliopungukiwa kiasi, utafiti wa Marekani wa 2016 haukuona waliopewa wakiishi zaidi. Mzee yuko 93.

Fundi Redio: Vidonda vya tumbo vimo? Ngoja nikaandike wosia.

Kipima Joto: Tulieni kwanza. Kwenye uzi wa mirathi huyu alisema baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano. Amefufuka lini? Hii chai, tena ya rangi. Anatafuta mteja wa kiwanja tu.

Mchele Supa: 😂😂 Ndiyo maana hataji kilipo.

Mla Dagaa: Ni baba mdogo, ndiye aliyenilea. Kwetu baba mdogo ni baba. Nikuwekee picha ya miguu?

Kipima Joto: Weka.

Bibi Tozo: Mwacheni mtoto wa watu! Na mimi walisema natunga.

Nesi wa Zamu: Iwe chai iwe kweli, kuna mwenye mgonjwa wa hivi anasoma kimyakimya.

Mla Dagaa: Bisoprolol imebaki nusu paketi kabatini. Aendelee na dozi ileile?

Nesi wa Zamu: Usimrudishie mwenyewe. Kesho asubuhi mpeleke hospitali, beba dawa zote, hata za duka. Akibanwa usiku huu, usisubiri kuche.

Mla Dagaa: Kesho ndiyo Jumamosi mkuu. Jumatatu basi.