Old City Hall ya Toronto: iwe makumbusho au wapewe wenye maduka?

Habarini ndugu zangu. Mahakama za jimbo la Ontario, zilizopanga miaka mingi Old City Hall, jengo la zamani la baraza la jiji la Toronto, Kanada, zimejengewa jengo lao jipya jirani, likafunguliwa 2023. Sasa lile la zamani tulifanyie nini? Mwenzetu mmoja amesema humu lipangishwe lote kwa wenye maduka na ofisi, maana kulitunza ni kumbebesha mlipa kodi gofu. Napinga, na nitasema kwa nini.

Kwanza, si gofu. Nimeingia humo mara nyingi kama mkalimani wa Kiswahili. Ukishapita mlango mkubwa wa Queen Street unaiona ngazi pana, na juu yake dirisha la vioo vya rangi la 1899, kazi ya Robert McCausland, linalosimulia muungano wa biashara na viwanda. Nimeona mama aliyekuja kusikiliza kesi ya mwanawe akisimama pale, ameinua uso, hasemi neno.

Jengo lilianza 1889 na kufunguliwa Septemba 1899, Malkia Victoria akiwa bado hai. Msanifu wake, Edward James Lennox, alichagua mtindo wa Kiromaneski: matao mazito ya mviringo, mawe ya mchanga, ya kijivu kutoka bonde la mto Credit na ya kahawia kutoka New Brunswick. Mnara wa saa, wenye zaidi ya mita 100, hakuuweka katikati ya jengo. Aliusogeza upande ili anayepanda Bay Street aukute umemkabili usoni.

Gharama zilipaa hadi zaidi ya dola milioni 2.5, Lennox akagombana na madiwani. Walimkatalia hata kibao cha jina lake. Basi akalichonga jina hilo kwenye mawe chini ya ukingo wa paa, herufi moja moja, kulizunguka jengo. Na pale mlangoni kuna sura za mawe zilizokunjamana, midomo imepinda. Husemwa ni madiwani wale. Sura moja tu imetulia, yenye masharubu: Lennox mwenyewe. Ugomvi wa fedha za umma umeandikwa ukutani, mtoto wa shule anaweza kuunyooshea kidole.

Baraza la jiji lilihamia jengo jipya 1965. Kampuni ya maduka ya Eaton's ikaja na mpango wa kubomoa karibu kila kitu, ubaki mnara wa saa na mnara wa kumbukumbu ya askari. Wakazi wakasimama, na 1967 mpango ukafa. Kituo cha maduka, Eaton Centre, kikajengwa pembeni, nacho kipo hadi leo, kimejaa.

Ndiyo maana nasema kuwapa wenye maduka jengo zima ni kuurudisha mpango ule kwa mlango wa nyuma. Gharama za kutunza mawe ya zaidi ya miaka 120 ni kubwa, silikatai hilo. Mgahawa ghorofa ya chini ulipe kodi ya pango, sawa kabisa. Lakini vyumba vile viwe makumbusho ya historia ya jiji, na ile ngazi ipandwe na yeyote bila kuulizwa anataka kununua nini.

Anayetaka maduka anijibu hili: ni duka gani litakalofunguliwa humo ambalo halipo tayari hatua chache tu kutoka mlangoni?