Mrejesho: style.css ya mistari 4,000 nimeigawa

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza nifanyeje na faili moja la CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti) lenye mistari kama 4,000, ukigusa kitufe huku, menyu inavurugika kule. Asanteni nyote mliojibu.

Nimefuata ushauri wa kugawa kwa kazi: msingi.css, mpangilio.css, vipengele.css na kurasa.css. Mwanzoni niliyaita yote kwa @import (amri ya CSS ya kuita faili jingine) ndani ya faili kuu, ukurasa ukawa mzito kufunguka. Mkuu aliyenionya alikuwa sahihi: brauza inashusha faili kuu kwanza ndipo igundue kuna mengine. Nikahamia kwenye link nne ndani ya head (sehemu ya mwanzo ya HTML ya ukurasa), zinashuka kwa pamoja.

Halafu nikajichongea mwenyewe. Kwa kupenda unadhifu nikazipanga kialfabeti, vipengele.css ikaangukia mwisho. Kichwa cha ukurasa wa mawasiliano kikagoma kubadilika rangi, maana sheria zikilingana uzito, inayokuja mwisho ndiyo inayoshinda. Nimerudisha kurasa.css mwisho, mambo shwari.

Picha za mandharinyuma nazo zilipotea zote! Faili za CSS nilizihamishia kwenye folda ya css, na njia ya picha inayoandikwa ndani ya url() huhesabiwa kuanzia lilipo faili la CSS, si ukurasa. Ilibidi niandike ../picha/ kila mahali, yaani itoke kwanza nje ya folda ya css.

Kilichonishinda ni zile !important (alama inayoipa sheria nguvu ya kushinda nyingine). Nimefuta chache tu, nikigusa zilizobaki kitu kinabomoka. Nimeziacha kwa sasa.