Naomba ushauri: nataka kuingia kanisa la kale hapa Tabora

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Juzi nilishuka stesheni Tabora, mji uliofikiwa na reli mwaka 1912, nikajitembelea tu chini ya miembe mpaka nikakuta kanisa la kale. Lipu imebanduka kando ya dirisha, matofali ya udongo yako wazi, ukiyagusa vumbi jekundu linabaki kidoleni. Nilisimama pale muda mrefu. Bibi yangu alibatizwa humo.

Mlango ulikuwa umefungwa, mlinzi akaniambia kwa upole nirudi na ruhusa. Je, nianze kwa katekista au niende moja kwa moja kwa paroko? Natamani sana kuliona jina la bibi kwenye kitabu cha ubatizo, ila vya zamani vingi viliandikwa Kilatini. Nani anaweza kunisomea? Naondoka Jumatatu.