Wenye maduka ya zawadi Mombasa, mali kauli basi! Tulipeni, na muache kutundika lebo zetu kwenye shanga za gunia

Jamani leo nasema na atakayekasirika akasirike. Mie ni fundi wa shanga za kioo hapa Mombasa, shanga nazichoma mwenyewe kwa moto, nikatunga mikufu, hereni, bangili, vikuku, na hii ndiyo kazi yangu sina nyingine, hapana mshahara wa mwisho wa mwezi hapana bosi wa kuniombea loni. Na kinachonitoa roho si moto, si stima, si hata wateja wanaobembeleza bei mpaka jua linakuchwa. Ni hawa wenye maduka ya zawadi wanaochukua vitu vyetu kwa mali kauli halafu kulipa wanalipa wakijisikia.

Kwa ambaye hajawahi kufanya, mambo yako hivi. Wapeleka mzigo wako dukani, mwenye duka anaupokea anaupanga vizuri kwenye kabati la kioo, hakupi hata ndururu, mnakubaliana kikiuzwa akate chake akupe chako. Sasa angalia nani anabeba mzigo hapo. Hereni zikikaa dirishani mpaka kulabu zikashika kutu kwa hii hewa yetu ya chumvi, hasara yako. Zikiibiwa, "pole dadangu tuliingiliwa na watoto". Zikiuzwa sasa ndio balaa lenyewe, maanake utaambiwa njoo Jumatatu, ukienda Jumatatu mwenye duka kaenda Nairobi, akirudi kuna arusi, arusi ikiisha msimu mbaya, meli za watalii hazijaanza kuja, subiri Novemba. Novemba meli zinakuja, watalii wanashuka hao wanajaa Ndia Kuu mpaka Fort Jesus, wewe mwenyewe wapita nje waona trei yako iko tupu, na bado waambiwa "hesabu hatujafunga".

Hereni moja nampa kwa 900, yeye anaiuza 2,500. Sina neno na hilo! Kodi ya duka mjini naijua, mfanyakazi analipwa, taa zinawaka, achukue faida yake kwa raha zake. Lakini ile 900 ni yangu. Si chama chake, si loni ya kumsaidia kufungua tawi la pili. Mwenye nyumba wangu hajui mali kauli, duka la gesi halijui mali kauli, shule ya wanangu ndio kabisa, sasa kwa nini mie peke yangu katika mji huu mzima ndio niuze kwa maneno?

Na wengi wenu mwafikiri shanga ni kushona tu, mtu kakaa kivulini na sindano na uzi anapiga stori. Hata hiyo ya kushona ni kazi, mama anayetunga mkufu mpana wa shanga ndogo zile za saizi 11 macho yanamuuma na kiuno kinamuuma, msimdharau. Lakini mie naanza mbali zaidi, naanza na kioo chenyewe. Fimbo za kioo za rangi naagiza, nyingi zinatoka Murano kule Italia, nazo zinakuja kwa vifurushi na ushuru juu yake. Kioo cha pili ni chupa, nanunua kwa vijana wanaookota, zile za kijani na za kahawia, naloweka natoa karatasi, naosha, nakata. Na hivi vioo viwili havichanganyiki, maanake vikipata moto havitanuki sawasawa, ukikosea ukaweka ua la kioo cha Murano juu ya ushanga wa chupa itapoa vizuri mbele ya macho yako halafu kesho yake waisikia tak! imepasuka. Kioo cha chupa nacho ni kigumu, kinakawia kulainika, mkono unachoka ukikizungusha.

Hiyo kuzungusha ndiyo kazi yenyewe. Unashika waya wa chuma uliopakwa udongo mweupe na ukakauka, mkono wa pili fimbo ya kioo, mbele yako moto wa gesi na oksijeni. Kioo kinalainika kinaning'inia kama asali, unakizungushia kwenye waya, na usiache kuzungusha hata kidogo, ukisita kinashuka upande mmoja ushanga unakuwa na kitambi. Joto lile, na Mombasa yenyewe Februari waijua, na feni huwezi kuwasha karibu kwa sababu upepo unauchezea moto. Kioo kikiungua kinatoa mwako wa rangi ya machungwa unaokuziba macho, lazima uwe na miwani maalumu ya kuuchuja, na miwani hiyo si ya kununua barabarani. Ukimaliza ushanga huwezi kuuweka mezani tu upoe, utapasuka, unauingiza tanuri ya stima kwenye joto la nyuzi kama 500 hivi za Selsiasi ukae humo halafu ushuke polepole usiku kucha. Na stima ikipotea katikati? Masika ndio usiombe. Asubuhi unafungua tanuri unakuta nusu zina nyufa ndani, kwa nje zinang'aa vizuri tu, lakini mie siuzi kitu chenye ufa, hizo natupa.

Halafu bado kuutoa ule udongo wa waya ndani ya tundu, kwa brashi na ndani ya maji, kamwe si kavu, ule unga ukiuvuta unakaa kifuani.

Sasa baada ya hayo yote mtu anakaa kwenye kiti chake anakwambia "mama, peleka kwengine kama hutaki, wenye shanga ni wengi". Aliniambia hivyo mbele ya wateja! Niko pale nadai pesa ya vitu ambavyo kashaviuza kala.

Hilo ni moja. La pili ndilo lililonifanya niandike leo. Kuna mteja kanitumia picha kwenye WhatsApp, mama wa Nairobi kaja likizo, kanunua mkufu kwenye duka moja Mji wa Kale, namba yangu kaitoa kwenye lebo. Anauliza kwa upole tu, "Dada, mbona rangi inabanduka? Nimeuvaa baharini mara moja." Naangalia picha. Lebo ni yangu, karatasi ya kaki na muhuri wangu, na mwandiko ni wangu, bei nimeandika mwenyewe kwa kalamu. Shanga si zangu! Ni zile zinazokuja kwenye magunia, zinauzwa kwa kilo, zimepigwa rangi juu. Yule mwenye duka mkufu wangu kauuza, lebo kaibakisha, kaitundika kwenye takataka, na pesa ya ule wa kwanza hajanilipa mpaka ninavyoandika hapa. Nimesomea wapi kuvumilia haya? Mama wa watu kalipa elfu tatu na ushei akijua anamnunulia fundi wa Mombasa chakula, na jina lililoharibika ni langu.

Wallahi nilitetemeka.

Na kabla hamjaniruka kwamba nawachukia wenye kuuza za nje, hapana. Pwani hii shanga za nje zimeingia toka zamani za jahazi, zimetoka Bara Hindi, wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta Gede, ule mji wa zamani karibu na Malindi, chini ya magofu, baadaye karne ya 19 misafara ilikuwa ikitoka huku kwenda bara na vitambaa na waya na shanga za Venice, na wenye msafara walikuwa wakijua kabisa watu wa mahali fulani wanataka rangi gani na gani hawaitaki, ukikosea unarudi na mzigo wako. Hata hizi ndogo nzuri za kushonea zinazotumiwa na akina mama wa Kimaasai nyingi asili yake ni Jablonec, Jamhuri ya Czech, na hakuna anayesema si kazi ya Wamaasai kwa sababu mkono uliotunga ni wao. Kuuza shanga za China si kosa. Andika tu ni za China, weka bei yake, kuna mtu anataka kitu cha 200 na ana haki yake. Kosa ni kuchukua karatasi yenye jina langu na kuitundika kwenye kitu ambacho mie sijakigusa, halafu unamwambia mgeni "hii imetengenezwa hapa hapa, mama mmoja anachoma kwa mkono".

Wanunuzi na nyinyi sikizeni, msiangalie lebo, angalieni tundu. Ushanga uliozungushwa kwenye waya mdomo wa tundu unaingia ndani kidogo, umezama laini, hauchomi uzi, na mara nyingi utaona alama nyeupe ya udongo imebaki ndani. Uuzungushe kwenye mwanga, ua lake liko ndani ya kioo, limezama, ukipitisha ukucha hupati ngazi. Zile zilizokandamizwa kwenye kalibu mara nyingi zina mstari mwembamba ubavuni pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Za kupakwa rangi nazo kwaruza karibu na tundu na ukucha, ikitoka unga wa rangi rudisha. Na shanga zangu mbili hazilingani sawasawa hata nikitaka, ukiona ishirini zote saizi moja kama zimezaliwa pacha jua ni mashine. Muulize muuzaji ni kioo gani, nani kachoma, yuko wapi. Akianza kujikuna kichwa shika njia.

Mahoteli nako sitakaa sana, mwajua wenyewe. Wanakuita uje upange meza usiku wa wageni, unalipia meza, wanakata asilimia juu ya mauzo, tuktuk ya kwenda na kurudi ni yako, na ukiuliza kwa nini wanakwambia watakutangaza kwenye ukurasa wao. Tangazo silipeleki dukani nikapewa unga.

Kuna watu wataniambia "uza onlaini". Nauza onlaini! Lakini kitu cha kuvaa mtu anataka akishike, aweke shingoni, ajiangalie kwenye kioo, na watalii wa meli wana masaa machache tu mjini, hawawezi kunitafuta uani kwangu Kisauni. Maduka tunayahitaji, na wao wanatuhitaji sisi, maanake ukitoa kazi za mafundi kwenye yale maduka kunabaki nini? Twiga wa mbao na sumaku za friji.

Kwa hivyo mie kuanzia mwezi huu mali kauli nimefunga. Unataka vitu vyangu, unalipa nusu kwa M-Pesa kabla mzigo haujatoka, nusu ukipokea, na bei ya jumla nitakufanyia nzuri. Duka ambalo lazima liwe la mali kauli, basi karatasi, kila kipande kimeandikwa na bei yake, tarehe ya hesabu, kilichopotea au kuibiwa kinalipwa na duka, sahihi mbili. Na lebo zangu sasa nafunga kwa uzi unaopita ndani ya kifungo cha mkufu, kuitoa lazima uikate, kila moja ina namba na namba hiyo ninayo kwenye daftari pamoja na picha.

Na wale mnaonidai uvumilivu, mjue nimeshaulizia Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, inashughulikia madai mpaka shilingi milioni moja, ikiwemo ya mtu aliyeuza vitu asilipwe, wakili si lazima, unajisimamia mwenyewe, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Tena haifungwi na zile kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyengine, kwa hivyo wewe uliyeniandikia "zimeuzwa zote dada, pesa wiki ijayo", hiyo meseji nimeihifadhi, na ile ya wiki iliyofuata, na ile ya kuniambia nisikusumbue Ijumaa.

Jina la duka silitaji hapa. Mwenyewe akisoma atajijua, na kunilipa njia anayo, namba yangu iko kwenye zile lebo alizobaki nazo.

Mafundi wenzangu, wa shanga, wa vikapu, wa kofia, wa ngozi, wanaotunga asmini na wanaochonga, ambaye anadai duka lolote hapa mjini aniandikie faragha. Kila mtu atafungua dai lake lakini twende siku moja, tufundishane kujaza fomu. Mwenye karatasi iliyotiwa sahihi aje nayo, mwenye meseji tu aje nazo, na ambaye hana chochote ila picha ya vitu vyake kabatini mwa mtu aje na hiyo picha.